Mkalimani wa Mjomba

Nilikwenda Chuo Kikuu nikiwa na mvi za kwanza, baada ya kufundisha shule ya msingi kule Nanyamba kwa miaka mingi. Tawi la chama lilinipendekeza, mke wangu akabaki kulekule na watoto, nami nikapangiwa chumba Dar es Salaam pamoja na kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa kwanza. Aliniita Mzee. Ndiye aliyenionyesha maktaba na foleni ya chakula, na sikuweza kumchukia ingawa wakati mwingine nilitamani. Alisoma Kiingereza kama anayekunywa maji. Mimi nilirudia ukurasa uleule mpaka kichwa kikauma. Kwenye semina, nilipokuwa nimeshapanga sentensi yangu, mjadala ulikuwa umeshahama.

Likizo ndefu tulitumwa vijijini kuwauliza wananchi habari za maisha ya ujamaa. Kikundi chetu kikapangiwa Mtwara, katika kijiji alichohamishiwa mjomba wangu, kaka wa mama, aliyenilea na kunipeleka jandoni. Nilifurahi. Angalau huku wenzangu wangenitegemea mimi.

Mjomba alitukaribisha barazani, na mwenyekiti wa kijiji akaja kuketi nasi. Kijana wa chumbani kwangu aliuliza kwa adabu kama mavuno yameongezeka. Mjomba alikijua Kiswahili vizuri, lakini alinigeukia akajibu kwa Kimakonde, polepole. Alipomaliza akaniambia, "Wafasirie. Usipunguze."

Nikafasiri. Kwamba walihamishwa korosho zikiwa zinaanguka. Kwamba mikorosho yake imebaki mbali, miguu yake haifiki tena, na pori limeimeza. Kwamba nyumba yake ya zamani ilibomolewa asije akairudia. Wenzangu waliandika mbiombio. Mwenyekiti alinitazama mimi, si mjomba.

"Mwalimu, hayo ni maneno yake au ya huko chuoni kwenu?"

Nilijibu kwamba ni yake. Mjomba naye, kwa Kiswahili safi, akasema ni yake.

Kesho yake aliitwa ofisini. Nilisubiri nje, maana walinikatalia kuingia, na alipotoka jua lilikuwa limeshaanza kupoa. Hakunieleza walichomwuliza. Tulikwenda kwake tukala muhogo wa kuchoma, naye akazungumzia mvua tu. Nilipoaga akasema, "Wewe mpwa wangu, njoo wakati wowote. Wageni usiniletee tena."

Chuoni ripoti yetu ilisifiwa. Kijana aliisoma mbele ya semina, wengine wakaitetea sera, wengine wakaikosoa, wote kwa ufasaha. Mhadhiri akanigeukia, akasema mimi ni mtu wa kule, labda nina la kuongeza. Safari hii maneno nilikuwa nayo, hata ya Kiingereza. Nilimwona mjomba akitoka kwenye ule mlango wa ofisi, nikasema sina.

Jioni kijana aliniuliza kama kuna mahali amekosea. Nikamwambia hapana, ameandika sawasawa. Hakuridhika na jibu hilo, wala mimi sikuridhika nalo.