Sanduku Halifungwi Mpaka Hesabu Itimie

Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa helikopta jeshini. Yeye alistaafu kabla sijaolewa, lakini sanduku lake la vifaa halijastaafu. Linakaa sebuleni kwetu Kirua Vunjo, chini ya picha ya Bikira Maria, na kila mwaka wenzake watano wa zamani wanakuja kulifungua. Ndio mkutano wao huo. Mimi napika, wao wanahesabu spana.

Kwao ni sheria: kifaa kimoja kisipoonekana, helikopta hairuki. Bisibisi iliyosahaulika kwenye injini inaua watu. Sawa, naelewa. Ila helikopta yenyewe haipo. Ipo migomba, yupo ng'ombe mmoja, nipo mimi.

Mwaka huu mkutano uliangukia siku ya kliniki ya mwanangu. Alizaliwa na mguu kifundo, wayo umepinda kwa ndani. Walimnyoosha kwa plasta wiki baada ya wiki, sasa anavaa viatu vilivyounganishwa na chuma katikati. Kliniki iliyopita chuma kilikuwa kimelegea na mguu umeanza kurudi ndani. Nesi akasema mbele ya kina mama wenzangu kwamba simvalishi. Daktari akasema mguu ukirudi ndani zaidi, plasta zinaanza upya. Kliniki yenyewe ni mara moja kwa mwezi, na ukifika baada ya saa nne unarudishwa.

Mume wangu alikuwa mlimani, anapandisha watalii. Mtoto mwenye chuma miguuni humpakii pikipiki. Kwa hiyo mzee mmoja, aliyekuwa rubani, akaahidi kutupeleka na pikapu yake, wakishahesabu tu.

Saa mbili asubuhi nimeshavaa, mtoto mapajani. Wakatandaza shuka, mmoja akasoma orodha, baba mkwe akainua kifaa kimoja kimoja. Kimoja hakipo: kile kichuma kidogo kilichopinda kama herufi L, cha kukazia skrubu. Wakarudia. Wakarudia tena. Wakainua makochi. Mmoja akaenda kuchungulia hata kwenye ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikamwambia rubani muda unakwenda.

"Hapa hairuki mashine, mama," akasema.

"Hiyo ni pikapu, baba. Haina mapanga ya kuzunguka juu."

Wenzake wakacheka, mmoja akasema ningekuwa jeshini wangelala mahabusu wote. Rubani hakucheka wala hakutoa ufunguo.

Nikaamua kushuka kwa miguu mpaka barabarani. Nikaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta kadi ya kliniki, nikakigusa.

Nilikuwa nimekichukua tangu siku ile ya kusemwa na nesi. Kilienea kabisa kwenye skrubu za chuma cha mtoto. Kila nikishamuogesha nakaza, nakirudisha kwenye mkoba na nepi. Nilishasahau kwamba kina kwao.

"Ninacho mimi," nikasema. "Nakazia chuma cha mtoto. Kila siku kinalegea."

Nilijiandaa kugombezwa. Baba mkwe akanyoosha mkono, ila hakuchukua kifaa. Alishika chuma cha mtoto, akakitikisa.

"Hii inalegezwa na mtikisiko," akamwambia rubani, kama vile sipo. "Anapiga mateke kutwa nzima."

Basi wakatoa plaizi na waya mwembamba, ule wa kufungia skrubu za helikopta zisilegee. Wakauzungusha kwenye vichwa vya skrubu zote mbili, wakausokota, ncha wakazilaza zisimchome mtoto. Nikadhani tumemaliza. Hapana. Aliyefunga haruhusiwi kukagua kazi yake, lazima akague mwingine. Naye huyo mwingine akaanza kutafuta miwani.

Tulifika na pikapu ya rubani saa nne kasoro dakika tano. Nesi yuleyule akashika chuma, akakizungusha kwa nguvu. Hakikusogea.

"Leo umemvalisha," akasema.

"Hata siku ile nilimvalisha."

Daktari akapima mguu, akasema umerudi kwenye mstari, hakuna plasta. Nililia kidogo kwenye korido, kwa hasira zaidi kuliko furaha, maana ile saa nzima ya kuinua makochi nilishaona plasta zote zile upya.

Tuliporudi, wazee walikuwa hawajagusa chakula. Kichuma kilikuwa bado mkobani kwangu, na sanduku liko wazi. Baba mkwe akakipokea, akakiweka mahali pake, akafunga. Ndipo akaniangalia.

"Waya umeshika?"

Hakuulizia mguu.

"Umeshika," nikasema, nikaenda kupasha mtori upya.