Kadii Hakuanguka

Wifi yangu Kadii hakuwahi kuanguka, na hilo ndilo lililotaka kumnyima kanisa la Jilore. Nitaeleza, lakini nisikatizwe, maana mimi nikikatizwa hasira hunipanda na habari yote huharibika.

Kadii ni dada wa mume wangu, Randu. Ni mshona makuti hapa Kakuyuni. Anakunja majani ya mnazi juu ya ufito, anayashona moja baada ya jingine, na mahoteli ya Malindi yanakuja kuyabeba kwa lori. Mikono yake migumu kama kisigino. Mumewe alimwacha zamani, hana mtoto, na wala simsikii akilalamika. Mtu mwenyewe mpole mpaka anakera. Ukimtukana anakuuliza kama umekula.

Kanisani aliingia kwa kazi. Wakati ule kanisa letu lilikuwa bado la makuti, halijapata mabati, na paa lilikuwa limeoza. Wazee wakamwita Kadii aliezeke upya. Alikuwa juu ya paa wiki nzima, na chini yake watu wakifundishwa, wakiimba, wakiombea wagonjwa. Alipomaliza akashuka, akalipwa, akaenda zake. Jumapili tukamwona benchi la nyuma. Nikamuuliza, wifi, kuna mahali panavuja? Akasema hapana, nimekuja tu. Basi "nimekuja tu" hiyo ikawa miaka kumi na tisa.

Sasa, kuanguka. Asiye wa kwetu hawezi kuelewa mpaka aelezwe. Kwetu Ugiriamani, tangu zamani, mtu akiitwa kuwa mganga haitwi kwa barua. Pepo humshika. Ataugua, ataota, atatetemeka, mwisho ngoma ikipigwa ataangushwa chini, na watu wote watajua kwamba huyu amechaguliwa. Wazee wetu walipoingia kanisani waliacha uganga, waliacha ngoma, lakini hilo la kuangushwa hawakuliacha mlangoni. Waliingia nalo. Hata leo, kwetu, anayetaka kupewa kazi ya Mungu sharti asimame mbele ya baraza la kanisa ataje mambo matatu: aliitwa siku gani, aliitwa wapi, na ishara yake ilikuwa nini. Na ishara yenyewe, jamani, ni kuanguka. Ukiangushwa na Roho, kina mama wanakufunika miguu kwa leso, wanakupigia vigelegele, na jina lako linaandikwa.

Mimi niliandikwa. Tarehe kumi na nne Agosti, mwaka wa elfu mbili na sita, saa nne na nusu asubuhi. Nilianguka vizuri mno. Nilichagua mahali penye mkeka.

Ndiyo, nilijiangusha, mnanitazamia nini? Wenzangu wote walikuwa chini, nimebaki mimi peke yangu nimesimama kama mlingoti. Nikapewa uongozi wa kina mama, na ninauongoza mpaka leo, na hakuna anayeufanya kunishinda.

Kadii hakupewa chochote. Alifagia, alipika mikutano, alikaa na wagonjwa. Kisha, miaka sita iliyopita, akaanza kwenda Jilore kila Alhamisi, kwa miguu, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Alianza kwa mjane mmoja aliyevunjika nyonga. Alimtekea maji, akamwombea, akamsomea Maandiko. Majirani wakaja kusikiliza. Mwaka wa pili wakawa kumi. Sasa ni watu arobaini na saba wazima, wamejenga nyumba ya udongo, na paa, si unajua nani alilishona.

Mwaka huu Mchungaji Jimmy akasema Jilore liwe tawi kamili na lipate mwinjilisti wake. Watu wa Jilore wakaleta ujumbe wa neno moja: Kadii. Hawamtaki mwingine. Lakini mwenyekiti wa baraza, Mzee Sanga, akasema hapana. Kadii alete ushuhuda wa wito kama kila mtu. Akiukosa, Jilore atapelekwa kijana kutoka mjini aliyeanguka mara tatu, na Kadii asihubiri tena huko, asije akawachanganya watu.

Asihubiri tena! Nilitaka kwenda kwa Mzee Sanga nikamwambie maneno ambayo mke wa mtu hasemi. Randu akanishika mkono.

Mzee Sanga si mbaya, nisimsingizie. Nyanya yake alikuwa mganga mkubwa huko Marafa, na yeye alikuwepo, mtoto wa miaka minane, siku pepo walipomshika nyanya huyo. Aliona kwa macho yake. Ndiyo maana moyoni mwake wito usiomtupa mtu chini si wito.

Siku ya baraza ilipangwa Jumamosi. Ijumaa alasiri nikamwendea Kadii uani kwake, amezungukwa na majani.

"Wifi," nikamwambia, "kesho utaanguka."

"Nitaanguka kwa nini?"

"Kwa sababu nitakohoa mara tatu. Ukisikia kikohozi, legeza magoti, angukia ubavu wa kulia. Usiangukie mgongo, utaumia. Mimi nitakuwa nyuma na leso yangu."

Akacheka mpaka sindano ikamponyoka. Nikakasirika. Nikamwambia, wewe unacheka na watu arobaini na saba watapewa mgeni asiyejua hata nani anaumwa na nini! Jambo la dakika moja tu, na Mungu mwenyewe anajua moyo wako. Akachukua jani jingine, akalikunja.

"Ninaogopa, wifi," akasema. "Nikikosa Jilore sijui nitafanya nini na Alhamisi zangu. Lakini nikianguka kwa kikohozi chako, wale watu nitawaambia nini? Kwamba Mungu aliniita, au uliniita wewe?"

Nikaondoka bila hata kuaga, nimemnunia.

Jumamosi kanisa lilijaa. Watu wa Jilore walikuwa wamekuja wote, hadi yule mjane wa nyonga, amepakiwa kwenye bodaboda. Wazee tisa wa baraza wamekaa mbele, Mchungaji Jimmy pembeni. Kadii akasimama katikati na gauni lake la kijani, mikono ameificha nyuma kwa sababu ya makovu aliyoachiwa na ufito.

"Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba," wakajibu. Mzee Sanga akafungua daftari. "Kadii binti Karisa. Mungu alikuita siku gani?"

"Siijui, baba."

Watu wakaguna. Nikakohoa.

"Alikuitia wapi?"

"Labda juu ya paa. Au nikishuka. Sina hakika."

Wengine wakacheka. Nikakohoa tena, kwa nguvu, mara tatu zote. Kadii hata hakugeuka. Nikakohoa mpaka binti mmoja wa kwaya akaniletea maji, na mimi nikayanywa, ningefanyaje?

"Na ishara yako?"

"Sina, baba."

Mzee Sanga akafunga daftari. Hakufanya kwa ukali, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Akasema, "Mwanangu, tunakupenda. Unafanya kazi nzuri. Lakini kazi nzuri si wito. Kuitwa ni Mungu kukuchagua, na aliyechaguliwa hujua. Wewe hujui siku, hujui mahali, huna ishara. Basi hukuitwa."

Yule mjane akaanza kulia kwa sauti. Nikainuka ili nilipuke, Mungu anisamehe, mdomo nimekwisha kuufungua, Kadii akatangulia.

"Baba, nami naomba kuuliza. Wewe ulizaliwa lini?"

Mzee Sanga akashangaa. "Kitambulisho kinasema tarehe mosi Januari."

"Na ni kweli?"

"Kweli ya wapi! Karani aliniuliza, nikasema sijui, akaandika hiyo."

"Hata mimi changu kinasema hivyo hivyo," Kadii akasema. Akawatazama wale wazee. "Na ninyi, baba zangu, ni wangapi hapa wa tarehe mosi Januari?"

Mkono mmoja ukapanda. Wa pili. Wazee wakatazamana kwa haya, ikawa saba kati ya tisa. Nyuma kwenye mabenchi mikono ikapanda hata isiyoulizwa, na kicheko kikaenea kanisa zima, Mchungaji Jimmy naye amejifunika uso kwa Biblia.

Kadii akangoja wanyamaze.

"Hatujui siku tuliyozaliwa," akasema, "na hakuna anayesema hatukuzaliwa. Hatuijui kwa sababu kazi ya siku ile haikuwa yetu, ilikuwa ya mama zetu. Mimi makuti yangu nayajua. Niulizeni paa la nani nilishona mwezi gani, nitawaambia, maana ile ni kazi yangu. Lakini kuniita ilikuwa kazi ya Mungu. Alinichagua hata sijajua kusema ndiyo, kwa hiyo siku yenyewe anayo yeye. Ningekuwa nimejiita mwenyewe, baba, tarehe ningekuwa nayo."

Lo! Nilikaa chini. Mimi tarehe ninayo. Kumi na nne Agosti, saa nne na nusu, kwenye mkeka. Ninayo kwa sababu niliifanya mimi. Na ile imani yangu ya kweli, ile inayoniamsha alfajiri kuombea wanangu, ile ambayo singeiacha hata nikipigwa, ilikuja siku gani? Sijui. Haki ya Mungu sijui. Miaka yote nilikuwa nikiogopa kwamba mimi si mteule, ni mwongo tu aliyefunikwa leso, na kumbe alinichukua kimya kimya huku mimi nikijishughulisha na kuanguka. Nililia, na mimi si mtu wa kulia mbele za watu.

Mzee Sanga alikuwa ameinamisha kichwa. Akauliza polepole, "Na mbona pepo huangusha?"

Kadii akamjibu kwa heshima. "Sijui mengi ya pepo, baba. Lakini nasikia huwaangusha watu wasiowataka. Mimi sikuangushwa, kwa sababu Mungu nilikuwa namtaka. Na huko kutaka sikukutoa nyumbani, nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akisali. Nilipewa."

Mzee Sanga akalisukuma daftari pembeni. Kisha akasema, si kwa baraza, kana kwamba anajisemea, "Nyanya alilia siku ile. Alikuwa hataki. Alishika nguzo ya nyumba, watu wakambandua mikono." Akajipangusa macho kwa kiganja. "Nami nikadhani Mungu huwafanyia watu wake hivyo."

Akainuka. Hakupigisha kura, hakuuliza baraza. Akamwendea Kadii, akamwambia atoe mikono aliyoificha, akaishika ile mikono yenye makovu mbele ya watu wote. Mchungaji Jimmy akaja na mafuta. Kadii akapiga magoti, akawekewa mikono kichwani, akaombewa kuwa mwinjilisti wa Jilore, na Mzee Sanga ndiye aliyeomba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kisha wakamwinua. Kina mama, kwa mazoea, walikuwa wamekwisha kusogea nyuma yake, leso zimekunjuliwa, wanangoja. Kadii alisimama. Aligeuka akawaona, akatabasamu, akaendelea kusimama, miguu yake miwili imara sakafuni, machozi yakimtiririka, na watu wa Jilore wakaliita jina lake kwa kelele. Ndipo mimi, kiongozi wa kina mama, nikaitupa leso yangu juu hewani, nikampigia vigelegele, na kanisa zima likapokea. Hatukuwahi kumpigia vigelegele mtu aliyesimama.