Deheni ya Bibi na Neno Miksi

Juzi nimeletewa barua, rafiki yangu, na mpaka leo damu inanichemka. Ombi langu la kumfuata mwanangu Ulaya limekataliwa. Mkalimani wa hao watu wa viza alinisikiliza nusu saa kwenye simu, akaandika kwamba mimi si mtu wa Kudhaa, kisiwa chetu Wabajuni kule Somalia, eti maneno yangu ni miksi: Kiswahili kidogo, Kisomali kidogo, Kiarabu kidogo. Miksi! Mimi niliyezaliwa kisiwani, nikakimbia vita na kanga moja mwilini!

Neno hilo limenirudisha kwetu. Babu alikuwa fundi wa mashua, na kupika deheni ilikuwa kazi ya bibi. Asubuhi aliinjika sufuria ya mafuta ya papa, mimi nikitia chokaa kidogo kidogo na kukoroga mpaka mkono unakufa ganzi. Harufu iliganda vidoleni, hata mkate wa mofa tuliokula mchana ulinukia papa. Babu aliipaka deheni chini ya mashua, maji yasiingie.

Siku moja jirani aliniuliza nakoroga nini. Nikajibu, "Mafuta na chokaa." Bibi akaninyang'anya mwiko, akanikemea kwa Kibajuni chetu.

"Nonyesha chokaa iko wapi! Kichu hichi ni deheni."

Nililia kwa aibu, lakini sikukosea tena.

Sasa sikia. Hapa Mombasa nilimwomba binti wa jirani, mwanafunzi, anitazamie hiyo miksi kwenye kamusi ya simu. Akacheka. Kumbe ni neno la Kiingereza, na hata Waingereza wenyewe hawakulizaa! Asili yake Kilatini, likapitia Kifaransa, likawafikia likiwa "mixt", yaani kilichochanganywa. Wakadhani sauti ya t mwishoni ni alama yao ya jambo lililokwisha, wakaikata, wakabaki na miksi. Wamelikosea neno la watu, na hakuna anayewaambia Kiingereza si lugha. Mimi ndiye napimwa!

Bibi na babu wamelala Kudhaa. Sufuria sijui iliishia kwa nani, na nasikia siku hizi mashua zinapakwa rangi ya dukani. Nimebaki na ulimi tu, na huo ndio wanaotaka kuuchambua, mafuta kando, chokaa kando. Inaniuma, sikufichi.

Rufaa ni wiki ijayo. Wakiniuliza tena nasema lugha gani, nitajibu Kibajuni. Wakibisha, wanonyeshe chokaa iko wapi.