Bakteria wa Shamba la Msikiti

Sifa zote ni za Mola aliyemuumba tembo, kisha akaumba viumbe wadogo mno ambao mtu kama mimi, niliyesomesha tahara, yaani elimu ya usafi wa ibada, maisha yangu yote, naweza kuwaua kwa maelfu huku nikisoma bismillahi. Namshukuru pia kwa kunijalia subira. Nimeihitaji sana, hasa ya kujivumilia mwenyewe.

Hapa Sepuka msikiti wetu una kipande cha shamba la wakfu chenye kisima. Vitunguu vyake hupikiwa yatima na wageni wakati wa kufuturu. Mfanyabiashara mmoja wa sokoni, mcha Mungu sana hasa mbele za watu, alishauri pajengwe vibanda vya maduka, kwa sababu vitunguu vya msimu uliopita havikuzidi ukubwa wa punje za tasbihi yake. Wazee wa msikiti wakanipa msimu mmoja wa mwisho. Vikikataa tena, matofali yafyatuliwe. Nilipokea dhamana hiyo kwa unyenyekevu mkubwa, yaani niliitangaza mwenyewe kwa kila niliyekutana naye.

Binti yangu ni bibi shamba. Alikuja na pakiti ya unga mweusi.

"Shikamoo, baba. Nimekuletea bakteria."

"Marahaba. Yaani umeniletea maradhi?"

"Hawa ni wema, baba. Wanaishi kwenye mizizi. Mzizi unatoa majimaji yenye chakula, wao wanayala, na sehemu yake wanaigeuza kuwa homoni, ileile ambayo mmea hujitengenezea wenyewe. Ikiingia mzizini, mzizi unatoa matawi na vinyweleo vingi, unayafuata maji yalipo."

"Kwa hiyo mdudu nisiyemwona ndiye anayekuza kitunguu?"

"Anasaidia tu. Anayeotesha ni Mungu. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Hakuna kinachomchosha mzazi kama mtoto aliyesikiliza mafundisho yake.

"Uchanganye na maji, uchovye mizizi ya miche, ndipo upande," akaendelea. "Usizidishe. Homoni ikizidi, mizizi inadumaa. Na maji yenyewe yawe..."

"Maji niachie mimi," nilimkata. "Mlango wa maji katika vitabu vya tahara nimeusomesha kabla hujazaliwa."

Basi nilipima unga sawasawa. Lakini kisimani wanakunywa ng'ombe, na shamba ni la nyumba ya Mungu! Nikaenda kwenye tangi la udhu, ambalo asubuhi ile nilikuwa nimelitia klorini, tena mara mbili ya kipimo, kwa kuwa nawapenda waumini. Maji yalikuwa meupe na yananukia usafi. Nikakoroga.

Mke wangu akachungulia ndoo. "Mzee, maji haya si yana dawa ya kuua vijidudu?"

"Ndiyo. Ndiyo maana ni safi."

"Na hao uliowatia humo ni nini?"

"Hawa ni wema, mama. Umemsikia mwanao."

Alinitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyeingia jikoni. Nilipokwisha kuchovya na kupanda miche yangu, akachukua unga uliobaki, akachota maji ya kisimani, akachovya miche iliyobaki na kuipanda kwenye matuta ya mwisho. Nilimwombea msamaha kwa kimya.

Jua likakaza na maji ya kumwagilia yakapungua. Nilipong'oa mche wangu mmoja, ulikuwa na nyuzi tatu za mizizi, mfano wa ndevu za kijana wa darasa la saba. Wa mke wangu ulitoka na bonge zima la udongo lililong'ang'ania mizizi. Nikampigia simu binti yangu.

"Baba! Umewatia kwenye klorini? Umewaosha kama maiti!" Alicheka mpaka salio langu likaisha.

Baada ya sala ya Ijumaa wazee walikuja kukagua. Mfanyabiashara alikuwa na futi kamba mfukoni, kwa bahati tu. Akasimama katikati ya matuta yangu.

"Mwalimu, hivi ni vitunguu au umepanda nywele?"

Wakasogea hadi matuta ya mwisho, na vicheko vikakoma. Majani yalikuwa manene, vitunguu vimeanza kupasua udongo.

"Haya nayo ni kazi yako?" aliuliza mzee wetu mkubwa.

Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika mdomoni, tena limevaa kanzu. Mke wangu alisimama pembeni na ndoo yake, wala hakusema kitu. Hilo ndilo lililonishinda.

"Ni ya mke wangu," nikasema. "Yangu ni yale mliyoyakanyaga." Nikawaeleza habari ya tangi, yote.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha mzee mkubwa akafuta machozi. "Kumbe shamba linaweza. Asiyeweza ni mwalimu. Mama, tunakukabidhi wewe."

Futi kamba ikarudi mfukoni. Sasa shamba ni la yatima kama zamani, na mimi ni mchota maji wa mke wangu. Maji yenyewe ananichagulia yeye.

Nawe uliyenivumilia hadi hapa, Mola akubariki katika kila unachopanda, akujalie mtu wa nyumbani asiyeogopa kukuuliza, na akufungue masikio mapema kuliko alivyoyafungua yangu. Amin.