Pikipiki Unayoweza Kuiinua Mwenyewe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijapata kunitoka kichwani. Wazee wa kamati ya kijiji walisimama mbele ya duka la pikipiki pale Mbinga mjini, wamevaa makoti yao ya kwenda kanisani, na mimi niko nyuma yao nimefumbata mikono kama mwari. Pikipiki iliyokuwa inanunuliwa ilikuwa yangu, na mtu pekee ambaye hakuulizwa kitu alikuwa mimi.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia unataka kununua pikipiki, na nimesikia umeshaichagua kwa ukubwa wa tangi na mlio wake. Kaa hapo kwanza. Chai ipo, viazi viko motoni. Mimi sina haraka, na hiyo pikipiki haitakimbia dukani.

Wakati ule nilikuwa mkunga kijana, mtoto wa Mbamba Bay niliyepangiwa zahanati ya juu milimani, upande wa Mpepai. Vitongoji vya huko vimekaa migongoni mwa milima. Kati ya kimoja na kingine kuna bonde, mto, na miteremko yenye mashimo ya ngolo, yale wanayochimba Wamatengo ili mvua isiwabebee udongo. Ukiitwa kwa mzazi, ni miguu yako tu. Nilitembea, mwanangu, mpaka kucha za vidole gumba zikang'oka.

Kisha akafa mzazi mmoja, Mama Gaudensia. Alijifungua vizuri kabisa, lakini damu ikakataa kukata, na mimi niko njiani na mkoba wangu, nakimbia. Nilipofika walishamfunika kitenge. Nililia mbele za watu, muuguzi mzima na gauni langu jeupe. Sikuona haya siku ile, na leo pia sioni.

Msiba ule uliwauma wanakijiji. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa huru, wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kupanda milimani na magari yao, na msimu ule kahawa ilikuwa imelipa. Watu wakakubaliana mkutanoni kwamba kila kaya itoe kidogo, mkunga anunuliwe pikipiki. Haba na haba hujaza kibaba, na kweli kibaba kilijaa. Ila kilikuwa kimoja tu. Tukinunua isiyofaa hakuna ya pili, na akina mama wataendelea kufa wakinisubiri. Hilo tulilijua wote pale dukani, ndiyo maana wazee walivaa makoti.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Kapinga, mtu mwema sana, Mungu amrehemu, lakini akishashika neno haliachii. Dukani kulikuwa na pikipiki mbili. Moja ilikuwa kubwa, nyeusi, kiti kiko juu kifuani kwangu. Ya pili ilikuwa ndogo, ya CC mia, nyembamba, imeegeshwa kando kama vile wenye duka wenyewe wanaionea aibu. Mzee Kapinga hakuitazama hata mara moja.

"Mnakumbuka ile mashine ya kumenyea kahawa?" akawauliza wenzake. "Tulinunua ndogo, tukajuta. Foleni mpaka usiku, kahawa ikanuka kwenye magunia. Safari hii hatununui kitu kidogo."

Wazee wote wakaitikia. Nami siwalaumu, maana kosa lile lilikuwa la wakulima wa kahawa hasa, watu waliotoka kuumia. Lakini mashine ya kahawa unaifunga chini kwa boliti, haitoki hapo mpaka iote kutu. Pikipiki inakwenda na wewe mpaka mahali ambapo hakuna mtu. Dereva wa duka akaiwasha ile kubwa, ikanguruma mpaka mabati yakatetemeka, na mzee mmoja akapiga kofi la furaha. "Mlio huo peke yake unamtoa mtoto tumboni!" Wakacheka wote. Nami nikacheka, huku nakipima kwa macho kile kiti.

Ndipo akatokea shangazi yangu Melania, dada yake baba. Alikuwa amepandisha usipa, dagaa wa ziwani kwetu, kuuza sokoni Mbinga, tenga lake tupu amelining'iniza mkononi, na kanga yake inanuka dagaa. Mwanamke yule alikuwa na sauti! Aliwaamkia wazee vizuri, akazitazama pikipiki, akanigeukia mimi.

"Anayepanda ni nani hapa?"

"Ni mimi, shangazi."

"Umeshaikalia?"

"Bado."

"Bado! Sasa umenyamaza nini, unachaguliwa mchumba? Adha ya kiatu aijua mvaaji, wewe umewaachia watu wakuvalishe na wakufungie kamba!"

Loo, nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa mgeni kule milimani, binti mdogo kati ya wazee, nikidhani kwamba heshima ni kunyamaza. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, na nimejifunza kuwa mkubwa wako unamheshimu kwa kumwambia kweli kwa adabu. Ukimwacha akosee huku unatabasamu, humheshimu, unamkwepa tu.

Shangazi hakungoja jibu. Akawaambia wazee desturi ya kwao, ya wanawake waliokuwa wakipandisha usipa kwa kichwa kutoka ziwani hadi huku juu kubadilishana na mahindi. Walikuwa na sharti moja: mzigo usioweza kujitwika mwenyewe, usiondoke nao. Nyumbani wapo watu wa kukutwika, utapanda mlima vizuri tu. Lakini njiani lazima utautua upumzike, na hapo ulipoutua, nani atakutwika tena?

"Mzigo mzito mpe Mnyamwezi," mzee mmoja akatania.

"Ndiyo, baba. Na kule Mpepai Mnyamwezi mtamtoa wapi?" Akamgeukia muuza duka. "Zilaze chini zote mbili."

"Mama! Rangi yangu!"

"Tandika magunia basi. Njia za huko hazitauliza rangi."

Mwanangu, zikalazwa. Nikaanza na ile kubwa. Nilivuta, nikasukuma, nikapiga magoti, kilemba kikadondoka. Haikunyanyuka hata kiasi cha kupitisha paka. Watu wa sokoni wakaanza kujaa kutazama sinema ya bure. Mzee Kapinga akavua koti, akamkabidhi mwenzake, akajaribu yeye. Aliiinua, lakini kwa kuguna kama anayeng'oa kisiki, na alipomaliza akajipangusa jasho na kusema, "Mimi nimeweza. Tatizo mimi sizalishi." Hapo kicheko kilivunja mbavu za watu, na ukaidi wake nao ukavunjika. Ndiyo maana nakuambia alikuwa mtu mwema.

Nikaenda kwenye ile ndogo. Shangazi akaniambia nifanye kama ninavyonyanyua ndoo ya maji, nguvu itoke miguuni, mgongo uachwe. Nikachuchumaa, nikashika usukani, nikainuka nayo. Kisha nikaikalia bila kuambiwa na mtu. Nyayo zangu zote mbili zikakaa chini, kisigino na vidole. Nikajikuta nasema kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo: "Wazee wangu, naomba hii."

"Itapanda milima yetu?" Mzee Kapinga akauliza, na swali hilo lilikuwa la haki.

Muuza duka, ambaye alishakata tamaa na ile kubwa, akasema kweli yake. Itapanda kwa gia ya kwanza, polepole, bila kulalamika. Petroli inakunywa kidogo, na kule kwetu petroli ilikuwa inauzwa kwa chupa, siku ikiwepo. Vipuri vyake viko Mbinga hapa hapa, si mpaka Songea. Shangazi akamalizia, "Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi," na biashara ikaisha. Usidhani kila alilosema shangazi siku ile lilikuwa la busara, maana aliendelea kubisha kwamba kiti ni kifupi, yeye na matenga yake ya usipa watakaa wapi. Hilo tulimkatalia.

Nilijifunza kwenye uwanja wa mpira wa shule, nikifundishwa na katekista. Nilianguka sana. Watoto walikuwa wakija na viti vyao. Lakini kwa pikipiki ndogo kuanguka ni somo, unajipangusa, unaiinua, unaendelea. Kwa ile nyeusi kuanguka kwangu kwa kwanza kungekuwa mwisho wa masomo.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya nikukalishe hapa.

Masika yalipokolea, nikaitwa kwa binti mmoja aitwaye Otilia, mimba ya kwanza, uchungu ulikuwa umemwanza tangu jana yake. Nyumba yao iko ng'ambo ya bonde. Nikaondoka mchana, mvua inanyesha, ule udongo mwekundu umekuwa sabuni. Niliteremka salama. Nilipoanza kupanda upande wa pili, gurudumu la nyuma likateleza, nikaenda chini, pikipiki ikalala imening'iniza usukani juu ya shimo la ngolo. Ikazima.

Nikapaza sauti kuita watu. Hakuna. Nani atakuwa shambani kwenye mvua ile? Goti linatoka damu, mkoba umejaa matope, na nikamwona Mama Gaudensia kama nilivyomkuta siku ile, na kitenge chake. Niliogopa, mwanangu, nisikudanganye. Kisha nikachuchumaa kwenye tope, nikaishika, nikainuka nayo. Iliteleza, ikarudi. Nikaishika tena. Ikasimama. Nikapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi, ikakohoa, ikakohoa, ikawaka. Tukapanda mlima ule mimi na yeye kwa gia ya kwanza.

Nilimkuta Otilia mtoto ametanguliza matako. Alizaliwa kwa shida, akachelewa kulia, lakini alilia. Na damu ikaja, ile ile ninayoichukia. Nikamchoma sindano, nikasugua tumbo lake kwa nguvu zangu zote, nikimwomba Mungu kwa Kinyasa maana Kiswahili kilinikimbia. Ikakata.

Jioni tunakunywa uji, mama mkwe wake akanishika mkono, gauni langu bado limejaa matope, akaniambia: "Tulikuwa tunakusikia, mwanangu. Sauti ya pikipiki inavuka bonde lote. Tukakusikia unateremka, tukafurahi. Mara ikanyamaza. Tukangoja, kimya. Mimi nikatoka nje nikaanza kulia, nikasema basi, tumempoteza. Yeye huyu ndani, na uchungu wake, akaniita: Mama, usilie, sikiliza. Ikawaka tena. Akasema: Anakuja."

Nikautua ule uji, nikaenda kumtazama Otilia na mtoto wake.

Basi nasaha yangu ndiyo hiyo. Wewe ni mgeni wa pikipiki, usione haya kuwa mgeni. Kabla ya kuuliza inakimbiaje, ikalie, nyayo zako ziguse chini. Ilaze, uiinue peke yako bila rafiki wa kukusaidia, maana rafiki hatakuwepo. Ulizia vipuri vyake hapa karibu, na petroli yake utaipata wapi mvua ikifunga njia. Anayekusifia nyingine muulize kama ndiye atakayeipanda. Ukishakomaa, ukazijua njia na njia zikakujua, ukitaka kubwa nenda kainunue, sitakuzuia, nitakuja hata kuipiga picha. Ila kumbuka kuwa kila unakokwenda yupo mtu anayekusikiliza kutoka mbali, mama yako, mkeo, mgonjwa wako. Ukianguka, na utaanguka, kimya chako kisiwe kirefu.

Nenda, mwanangu. Mungu akuonyeshe ukubwa wa kweli na akupe nguvu ya kuutosha. Akulinde kwenye matope na kwenye lami pia, kwa maana lami ndiyo inayoua. Mwenyezi akufikishe, na wanaokungoja wakusikie unakuja.