Nimempasua mtani wangu kichwa kwa ajili ya mbwa

Leo nimempasua mtu kichwa kwa mchi, tena mtani wangu.

Mbwa wangu, jina lake Watasema, anayenilindia mihogo isiliwe na nguruwe hapa Miteja, aliamka anaharisha damu. Fizi damu, pua damu.

Nikamkumbuka jirani yangu Saidi. Jana kasema, "Hilo jibwa nitalilisha sumu ya panya, tupumue."
Tunataniana hivyo tangu ujana. Leo utani sikuuona.

Nikamfuata uani kwake. Nikamshushia mchi begani, kisha kichwani. Shati likawa chapachapa kwa damu.

Bwana mifugo akaja kumdunga Watasema sindano. Tundu la sindano likatiririka damu, halikomi.
"Bibi, hii si sumu. Ni kirusi cha matumbo, kinawapata wasiochanjwa. Kimeharibu mpaka damu, haigandi tena."

Mchi ukanitoka mkononi.

Saidi alikuwa mlangoni kwangu, kajifunga kanga ya mkewe kichwani.
"Yangu imeganda, kikongwe. Ya mbwa je?"

Akaivua ile kanga, akaligandamiza lile tundu.
Watasema wangu kafa mikononi mwa mtu niliyemdhani muuaji.

Wanangu, mtani haombwi radhi. Sasa nikamwambie nini?