Kiwiko cha Afande

Nilipokuwa nasomea utabibu, wenzangu walipenda moyo na mapafu. Mimi nilipenda mkono. Ukishajua neva ipi inaendesha msuli upi, unamwambia mgonjwa akunje hapa, anyooshe pale, na unajua mahali palipoumia bila mashine yoyote. Kituoni kwetu, nje kidogo ya Bwera, mashine hakuna, kwa hiyo ujuzi huo ulinipa jina. Ulinipa na majivuno pia, na ulimi wangu ulikuwa mwepesi tangu utotoni.

Jumatatu moja asubuhi aliingia askari kutoka kambini, mtu wa kaskazini, mrefu, shati la kazi limepigwa pasi mpaka mistari inaonekana. Mguu wake wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Aliuvunja wiki tatu kabla, wakicheza mpira. Aliegemeza magongo yake nyuma ya mlango, akaruka kwa mguu mmoja hadi kitini.

"Musawo, mukono yangu imekufa," alisema. Musawo ndivyo tunavyoitwa huku sisi sote wa hospitali, mkubwa kwa mdogo.

Akaunyoosha mkono wa kulia mbele yangu. Kiganja kilining'inia. Nikamwambia akinyanyue, hakikunyanyuka. Anyooshe vidole, havikunyooka. Nikamgusa nyuma ya kidole gumba, akasema anasikia kama nimemgusa juu ya nguo.

Hali hiyo niliijua vizuri, na Jumatatu ndiyo siku yake. Mtu anakunywa Jumapili, anasinzia mkono umelala juu ya mgongo wa kiti, neva inabanwa kwenye mfupa katikati ya mkono wa juu, na asubuhi kiganja hakiinuki.

"Afande, jana ulikunywa wapi?"

"Mimi hapana kunywa pombe."

"Na mimi hapana kula chakula," nikamjibu. Akina mama waliokuwa kwenye foleni mlangoni wakacheka. Yeye hakucheka.

Huku kila mgonjwa huja na daftari lake, la shule, la mistari. Ndilo faili lake, na akimaliza kutibiwa anarudi nalo nyumbani. Nikaandika humo kwa Kiingereza kwamba alilewa, akalalia mkono. Mwandiko wangu si ule wa kimusawo. Unasomeka na mtu yeyote, na nimesifiwa kwa hilo. Nikamfungia kibao cha kushikilia kiganja, nikamwambia arudi baada ya wiki.

Aliporudi, nilikuwa dirishani nikisubiri maji ya chai yachemke. Nikamwona anavuka uwanja. Alitembea kama yuko kwenye gwaride: kichwa juu, mgongo umenyooka, mabega yamepanda mpaka karibu na masikio. Uzito wake wote ulikuwa umetundikwa kwapani. Magongo yale yalichongwa na fundi wa kambini, marefu kupita kiasi, kwa sababu askari hainami, hata akiwa amevunjika mguu. Nikasahau chai.

Nilimkalisha, nikamshika mkono. "Kunja kiwiko. Sasa nisukume."

Kiwiko hakikusukuma kitu. Nilikizuia kwa vidole viwili.

Basi nikaelewa, na uso ukaniwaka moto. Neva ile inatoka shingoni, inapita kwapani, na hukohuko juu inatoa tawi la msuli wa nyuma ya mkono, ule unaonyoosha kiwiko. Baada ya hapo ndipo inazunguka mfupa kwenda kunyanyua kiganja. Mlevi aliyelalia kiti huibana chini, tawi lile likiwa limeshapita, kwa hiyo kiwiko chake hubaki na nguvu. Cha afande kilikuwa kimelegea. Aliumia kwapani, na kilichomwumiza ni magongo. Juma lililopita yalikuwa nyuma ya mlango wangu, mbele ya macho yangu, na sikuyatazama. Wala sikushika kiwiko.

Nilimweleza yote, nikitegemea atafurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi yangu alisoma kitabu," akasema, maana yake mkewe na daftari lile. "Jumanne alienda kwao, Kisinga."

Ndipo akaniambia kwamba zamani alikunywa sana, na kwamba mke wake alikubali kuolewa kwa sharti moja tu. Miaka minne hajagusa pombe. Mke alilifungua daftari ili ajue dawa inamezwa saa ngapi, na akakuta mwandiko wangu mzuri.

Niliazima msumeno kwa mlinzi wa lango, nikayakata magongo, la kulia nikalifungia kabatini mpaka mkono upone. Kisha nikachukua kalamu nisahihishe.

"Andika," alisema, "lakini yeye atasema afande ametisha musawo. Wewe enda, umwambie na mudomo yako."

Nilimwahidi Jumapili. Jumapili ikanyesha. Jumapili iliyofuata mwenzangu aliugua, nikashika zamu yake, na sitasema uongo, nilifurahi kuishika. Kumwambia mgonjwa kwamba umekosea ni jambo moja. Kumfuata mkewe kwao ni jambo jingine.

Afande aliendelea kuja kila wiki, na kila wiki nilimwambia anisukume. Wiki ya tatu alinisukuma kidogo. Wiki ya nne kidogo nianguke na kiti changu. Neva hupona kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kiwiko kilitangulia, kiganja bado kikining'inia. Kama tabibu nilipaswa kushangilia. Lakini nilikuwa nimepanga kumwonyesha yule mwanamke kiwiko kilicholegea, kiwe shahidi, na sasa shahidi alikuwa amepona. Ukimpima siku ile, kiwiko kina nguvu na kiganja kimeanguka, alikuwa mlevi kamili kama alivyochorwa kwenye vitabu vya utabibu. Sikungoja Jumapili tena. Tuliondoka mchana uleule kwa boda mbili, yeye mguu wa plasta umetokeza pembeni, akimwamuru dereva wake njia nzima, "Polepole! Kushoto!"

Kisinga tulimkuta mkewe uani, anapeta maharage. Mama yake alikuwa ndani, kwa hiyo afande hakuingia. Mkwe haingii tu kwa wakwe zake. Alisimama kwenye uzio na gongo lake moja. Mimi nilipewa kiti.

Nilianza na neva. Nilieleza kwapa, mfupa, tawi, nikajionyesha kwa kidole kwenye mkono wangu mwenyewe. Mwanamke aliendelea kupeta.

"Kwa hiyo kiwiko yake haina nguvu?" aliuliza.

"Haikuwa na nguvu. Sasa imepona."

Aliweka ungo chini. "Musawo, hiyo ni maneno gani?"

Hata mimi nilisikia jinsi jibu langu lilivyosikika. Nilijikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, na hapakuwa na anatomia ya kuniokoa. Nikamwambia basi ukweli uliobaki: kwamba ilikuwa Jumatatu, foleni ilikuwa ndefu, nikaona askari, nikaona mkono umeanguka, nikaandika. Kwamba nilimfanyia mzaha mbele ya watu. Kwamba wiki nne nzima nimekuwa nikiogopa kuja.

"Wewe ulimuuliza kama alikunywa?"

"Nilimuuliza alikunywa wapi."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama maharage.

"Na mimi," alisema polepole, "mimi sikumuuliza kitu. Nilisoma, nikafunga mizigo."

Alisimama, akapangusa mikono kwenye kitenge, akaenda mpaka kwenye uzio. Mumewe alijinyoosha kama aliyeitwa na mkubwa wake, kiganja kikining'inia ubavuni.

"Ulikunywa?"

"Hapana."

Alisubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuongeza neno.

"Sawa," mwanamke akasema. "Nitakuleteya kiti hapo. Hiyo muguu isisimame."

Akaingia ndani. Mimi nilibaki na daftari mapajani, limefunguka kwenye ukurasa wangu wa kwanza, ule unaosomeka vizuri. Neno moja tu kama lake, "Ulikunywa?", lingetosha Jumatatu ile, hata na foleni yote ile mlangoni.